Ndege ya Nyuzi na Deni la Istilahi

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kumudu sayansi ya kisasa. Ndege aina ya Boeing 787, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2011 na kupokewa na Kenya Airways mwaka 2014, yatosha kulikanusha dai hilo. Takriban nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi maalumu. Nyuzi hizo hupangwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kisha huokwa kwa mgandamizo tanurini hadi ziwe ngumu. Ndiposa ndege hiyo ni nyepesi na hutumia mafuta kidogo.

Uzi, gundi, tabaka, kalibu, tanuri: yote ni maneno ya Kiswahili. Hata ndege mwenyewe ni kiumbe aliyekipa chombo jina.

Alumini ikigongwa hubonyea. Nyuzi za kaboni huweza kuachana ndani kwa ndani huku juu pakionekana pazima. Mwanagenzi asiyeelezwa jambo hili kwa lugha anayoimudu atakagua nini? Idara za Kiswahili na vyuo vya ufundi havina budi kuandaa istilahi hizi kwa pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.