Kubana si Kuziba: Istilahi za Tiba Zahitaji Nidhamu

Ipo kauli iliyozoeleka katika vyumba vya walimu na kumbi za mihadhara kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza sayansi kwa kuwa ni maskini wa msamiati. Mimi naona kinyume. Aghalabu, tatizo letu si uhaba wa maneno, bali ni kuyatumia tuliyo nayo bila mpango.

Hivi majuzi niliwapa wanafunzi wangu sentensi moja ya Kiingereza waitafsiri. Ilieleza yanayotokea katika njia za hewa mgonjwa anaposhikwa na pumu. Mmoja aliandika kuwa njia hizo huziba, wa pili husinyaa, wa tatu hukaza, wa nne hubana. Kila mmoja aliamini kwamba wenzake wamesema lilo hilo. La hasha! Kilichoziba hakipitishi kitu. Kilichosinyaa kimepoteza maji kikajikunja, mfano wa jani juani. Kukaza ni kazi ya misuli. Kubana ni kupungua kwa nafasi, ingawa upenyo ungalipo.

Katika pumu, misuli izungukayo njia za hewa hukaza, kuta za njia hizo huvimba, ute huongezeka, nazo njia hubana. Dawa ya kuvuta inayotumiwa wakati wa dharura huilegeza misuli hiyo. Je, mama aliyeambiwa kwamba kifua cha mwanawe kimeziba atafanya nini? Yamkini atatafuta cha kuzibua: atanunua dawa ya kikohozi dukani na kungoja, ilhali mtoto anahitaji misuli ilegezwe mara moja. Hapo kosa la kitenzi limekuwa kosa la tiba.

Sisi wanaisimu tulikwisha kuivuka njia panda hii. Katika fonetiki, sauti /p/ na /t/ ni vipasuo kwa sababu hewa huzuiwa kabisa kisha ikaachiliwa ghafla. Sauti /f/ na /s/ ni vikwamizo kwa sababu hewa hupenya kwa shida katika njia nyembamba. Mwanafunzi akiyachanganya makundi hayo hupoteza alama. Iweje basi tuyachanganye maneno ambayo mgonjwa aweza kupoteza uhai kwayo?

Mtihani wa pili ni jina la ule uowevu mzito ulio ndani ya seli, baina ya utando na kiini. Twaweza kuuita ute wa seli, kwa mfano wa yai lenye kiini na ute. Jina hilo lina ladha, na sayansi haioni haya kuazima maneno ya nyumbani. Mwaka 1665, Robert Hooke alipokitazama kipande cha kizibo kwa hadubini, vijitundu alivyoviona alivipa jina la Kiingereza la vyumba vidogo. Hilo ndilo asili ya seli yetu. Hata hivyo, ute tayari una kazi katika tiba, kama tulivyoona katika pumu. Mzigo wa pili utaulemaza. Hapa naafiki mkopo, saitoplazimu, mradi mwalimu aufafanue.

Mwalimu mwenye istilahi hizi ataeleza bila taabu jinsi seli ya mnyama inavyogawanyika. Kiini kikishagawanyika, ukanda wa protini ulio chini ya utando hukaza, na saitoplazimu hubanwa katikati mfano wa kiuno cha nyigu, hadi seli mbili zinapoachana. Ukanda hukaza, saitoplazimu hubanwa: vitenzi viwili, kazi mbili. Seli ya mmea haibanwi hivyo. Hujengewa ukuta katikati.

Kanuni yangu, basi, ni nyepesi. Pale Kiswahili kinapotofautisha mambo, tusikope. Tuchague neno moja kwa dhana moja na kulishikilia. Pale neno letu lina mzigo mwingine, tukope bila haya.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Kilichobaki ni sisi. Kidole kimoja hakivunji chawa: mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili, walio katika shule moja, waketi meza moja. Waanze na maneno kumi tu, na la kwanza liwe kubana.