GOTI HALIPONI KWA KUJIKAZA (Sehemu ya 4)

Dada zangu, mama zangu, leo sitaongea kwa upole.

Kuna neno nataka tulifute kwenye nyumba zetu, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta. Neno lenyewe ni JIKAZE. Mgonjwa katoka kufanyiwa upasuaji wa goti, saa nane za usiku analia, na ndugu tumemzunguka: "Jikaze, wewe si mwanaume?" "Jikaze, mbona mimi nilizaa bila ganzi?"

Ndio, ulizaa bila ganzi. Wengi wetu tuliambiwa leba tunyamaze, tukanyamaza. Lakini kunyimwa nafuu sio urithi wa kumpa mtu mwingine.

Sasa tuelewane kuhusu goti. Daktari akimaliza kazi yake, iwe kubadilisha goti la bibi au kutengeneza goti la kijana wa bodaboda, anaweza kuchoma dawa ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, au kwenye nyama zinazolizunguka. Mwaka 2008 madaktari wawili wa Sydney, Australia, Kerr na Kohan, walichapisha namna walivyochanganya ganzi, dawa ya kupunguza uvimbe na adrenalini kidogo, wakachoma eneo lote la upasuaji. Wagonjwa wao wengi waliweza kutembea kwa kusaidiwa saa 5 mpaka 6 baada ya upasuaji. Uzuri wa njia hii ni kwamba dawa inakaa pale pale penye maumivu, kwa hiyo mgonjwa hahitaji morfini nyingi ya kumlewesha na kumtapisha.

Shida inaanzia hapa: GANZI INA MASAA YAKE. Ni masaa machache, ikikaa sana ni kama siku moja. Mgonjwa anarudi wodini anacheka, anasema "mbona hata siumwi". Ndugu wanafurahi, vidonge vya jioni vinawekwa kabatini. Usiku ganzi inaisha na maumivu yanakuja yote kwa pamoja. Hapo hata ukimpa vidonge, unakimbiza gari lililoshaondoka stendi.

Vidonge vinatangulia ganzi kuisha, na vinafuata saa, sio kilio. Mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50, asiye na ugonjwa wa ini: parasetamoli 2 za miligramu 500 kila baada ya masaa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima. Daktari akiongeza ibuprofeni au diklofenaki, chagua ile moja aliyoandika, usichanganye zote mbili, na ale kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba aseme mapema. Na soma pakiti! Vidonge vingi vya mchanganyiko tunavyonunua mtaani tayari vina diklofenaki NA parasetamoli ndani. Ukijumlisha na za hospitali, umezidisha bila kujua.

Najua kuna atakayeandika hapo chini: "Sister, si wamchome tena goti ganzi ikiisha?" Hapana. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa 35 za wagonjwa waliowekewa pampu ya kumwaga ganzi kwenye kiungo mfululizo, siku mbili mpaka tatu. Gegedu lao lilikufa. Wengi ilikuwa bega, lakini goti nalo linaishi kwa gegedu. Sindano moja mikononi mwa daktari wa upasuaji ni jambo moja. Yule wa duka la dawa anayekwambia "mlete nimchome sindano ya goti" ni jambo lingine kabisa. Usaha ukiingia kwenye kiungo, unaweza kulipoteza goti.

Wengine watasema dawa zinaleta uraibu. Parasetamoli haina uraibu. Tramado ndiyo inao, ndiyo maana ni ya cheti, sio ya kuomba kwa jirani. Na wewe unayenyonyesha, sikia: mwaka 2017 FDA hao hao walionya mama anayenyonyesha asitumie tramado wala kodeini, na tramado asipewe mtoto chini ya miaka 12. Mwambie daktari unanyonyesha KABLA hajaandika dawa. Parasetamoli na ibuprofeni zinaruhusiwa.

Kwa nini napiga kelele hivi? Kwa sababu goti linalouma halikunjwi. Goti lisilokunjwa linashika kovu na kukakamaa. Mmechangisha ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp, mmepata operesheni nzuri, halafu mguu unabaki mgumu kama mwiko kwa sababu ya vidonge visivyofika nauli ya bajaji. Hiyo ndiyo gharama ya JIKAZE.

Na nyie wauguzi wenzangu mnaosoma hapa: "maumivu ni kawaida" sio huduma. Muulize mgonjwa, kutoka 0 mpaka 10 anaumwa ngapi, andika, fanya kitu, rudi umuulize tena.

Mama, kabla hamjaruhusiwa, simama kitandani pale uulize:

1. Amechomwa ganzi gotini? Itaisha saa ngapi?
2. Kidonge cha kwanza saa ngapi, kinachofuata saa ngapi?
3. Maumivu yakizidi usiku tunampigia nani?
4. Goti tuanze kulikunja lini?

Ukiona homa, usaha, kigimbi kimevimba na kuuma, pumzi inakata, au maumivu yanapanda wakati dawa anameza vizuri, usisubiri asubuhi. Rudi hospitali usiku huo huo.

Kuuliza sio usumbufu. Atakayekukasirikia na akukasirikie, goti ni la mtu wako.

Sehemu ya 5 tutaongelea mazoezi ya goti nyumbani. Mtumie hii mwenye mgonjwa.