Fizikia Si Mali ya Kiingereza

Jamani, nani katudanganya kwamba fizikia haisemeki kwa Kiswahili? Hapa Kawetele mwanafunzi wa sekondari anakariri kwa Kiingereza kwamba nishati haipotei. Muulize kwa nini: kimya!

Jibu lipo tangu 1918. Emmy Noether, mwanahisabati wa Kijerumani, alithibitisha kuwa kila ulinganifu endelevu wa kanuni za maumbile una kitu chake kisichopotea. Kanuni za jana ndizo za kesho; ndiyo maana nishati haipotei. Baridi ya Kawetele si joto la Kyela, ila kanuni ni zilezile. Ndiyo maana momenta, yaani tungamo la kitu mara kasi yake, nayo haipotei. Kwa fikra za ulinganifu Abdus Salam wa Pakistani, pamoja na Wamarekani Glashow na Weinberg, waliunganisha nguvu ya sumaku-umeme na ile nguvu dhaifu ya ndani ya atomu, wakapata Nobel 1979.

Mmeona? Lugha haikutushinda. TUKI walichapa kamusi ya fizikia tangu 1990. Tunaokosekana ni sisi waandishi: kila siku mapenzi, mapenzi tu! Mtoto akibaki kasuku, lawama si za mwalimu peke yake. Tuandike, bwana!