Bendera Iliyosahauliwa ya Mwambao

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi maana ya rangi za bendera ya Kenya, naye atazitaja bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na rutuba yake, nyeupe ni amani na umoja. Lakini mwulize ni bendera gani iliyopepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa hadi Desemba 1963, na yamkini atanyamaza. Huenda hata mwalimu wake akanyamaza. Kimya hicho kina gharama yake.

Bendera hiyo ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, kisicho na nembo wala maandishi. Ilikuwa bendera ya Sultani wa Zanzibar. Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuitambua milki yake katika ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Uingereza ilichukua usimamizi wa sehemu ya ukanda huo iliyo Kenya leo, kwa kodi ya kila mwaka. Enzi ikabaki ya Sultani, na bendera yake ikaendelea kupepea. Ndiyo sababu kuanzia 1920 nchi hii iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya: bara lilikuwa koloni, Mwambao ulikuwa himaya.

Wanaisimu hufundisha kwamba maana haimo ndani ya sauti za neno, bali hutokana na mapatano ya wanaolitumia. Bendera nayo ni vivyo hivyo. Neno lenyewe "bendera" tuliachiwa na Wareno, walioanza kuijenga ngome hiyo mnamo 1593, wakafukuzwa na Waomani mnamo 1698. Bendera yao ilishuka, neno lao likabaki, nasi tukalitia maana zetu.

Kitambaa kile chekundu kilisomwa kwa namna tatu. Kwa Waingereza, kilikuwa hati ya upangaji. Kwa wakaazi wengi wa miji ya kale, kilikuwa alama ya heshima ya dini yao, kadhi wao na liwali wao. Kwa Wamijikenda wengi, ambao sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha bila ardhi, wakaishia kuwa maskwota katika nchi ya mababu zao, kilikuwa alama ya kunyang'anywa.

Uhuru ulipokaribia, tofauti hizo zikawa mgogoro. Wapo waliotaka Mwambao ujitawale, na wapo waliotaka uwe sehemu ya Kenya. Mnamo 1961 James Robertson, aliyetumwa na Uingereza kulichunguza suala hilo, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar wakati huo, walibadilishana barua za makubaliano, naye Sultani akaiacha enzi yake juu ya ukanda huo. Kenya kwa upande wake iliahidi kulinda uhuru wa ibada na mahakama za kadhi. Ahadi hiyo ingali hai katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.

Mambo haya yasipofundishwa darasani, hufundishwa kwingineko, tena nusu nusu. Kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" ilipovuma mnamo 2012, walioiimba na walioikemea walirushiana miaka ya 1895 na 1963 kama mawe. Malalamiko ya ardhi katika Pwani ni ya kweli na yanastahili jawabu. Hata hivyo, jawabu hilo haliwezi kupatikana katika historia iliyokatwa kichwa au miguu.

Basi, walimu, hapana budi mikataba hii iingie darasani. Wanafunzi waisome wenyewe, kisha waulize: nani alitia saini? Nani hakuulizwa? Nani aliahidiwa nini, na je, alitimiziwa? Maswali hayo hayataibomoa Kenya. Yataijenga juu ya ukweli.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Kijana asiyejua upepo wa jana ulivuma kutoka wapi ataifuata bendera yoyote atakayotwekewa kesho.