Rejii zetu zinahitaji maneno yenye maana moja

Hapa Bukavu vijana wanaojua kushika kamera wamekuwa wengi. Arusi, matanga, ibada ya Jumapili, mikutano ya wanasiasa, vyote vinarushwa direkti kwenye Facebook. Ni jambo jema na wanastahili pongezi. Lakini kuna kitu ambacho wakubwa wa televisheni za kijamii na viongozi wa makanisa wanakipuuza, nacho ni maneno ya kazi.

Chukua neno "swichi". Ukiingia dukani na kuomba swichi, mbali na ile ya taa, muuzaji anaweza kukupa moja kati ya vitu vitatu. Kuna ile ya kuunganisha kompyuta kwa waya za intaneti. Kuna kisanduku kidogo cha HDMI cha kuchagua picha, kilichoundwa kwa mtu mwenye deki na kisimbuzi kwenye televisheni moja. Halafu kuna meza ya kuchanganya picha, ambayo Wamarekani wanaiita swicha na Waingereza mikseri. Kisanduku ni cha bei ndogo, basi kanisa linakinunua. Kila mara wakitoka kamera ya mhubiri kwenda kamera ya kwaya, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja ama mbili, na waumini wanadhani mashine imekufa. Haijafa. Kisanduku hakiwezi kulinganisha mwendo wa picha za kamera mbili. Meza inaweza, ndiyo maana inakata bila giza. Sadaka ya watu imekwenda bure kwa sababu ya neno.

Hiyo ni pesa tu, pesa inatafutwa tena. Neno "programu" ndilo linanitia hofu. Kwa msikilizaji wetu programu ni kipindi. Kwa fundi wa kompyuta ni kitu cha kuweka ndani ya mashine. Ndani ya rejii ni picha ambayo watu wote wanaiona sasa hivi. Kwenye meza kubwa kuna mistari miwili ya vitufe: wa kijani ni wa kutayarisha picha, mwekundu ni wa hewani. Meza ndogo kama ATEM Mini, inavyotoka kiwandani, haina mstari wa kutayarisha: ukibonyeza namba 2, kamera ya pili iko hewani papo hapo. Kijana aliyezoea meza kubwa anabonyeza ili atazame kidogo tu, kumbe ameshaonyesha.

Sasa mweke kijana huyo siku ambayo mama aliyebakwa amekubali kutoa ushuhuda, akiwa amewapa watazamaji mgongo. Kamera ya pembeni inaona uso wake. Mkubwa anasema katika kisikilizio, "Iko kwenye programu?" Kijana anaelewa vingine na kubonyeza. Sekunde mbili zinatosha, simu za watu zimeshanasa. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji zinadai mahakimu walinde usalama na heshima ya waliotendewa. Rejii haiwezi kudai kidogo kuliko mahakama.

Wengine watasema vijana wajifunze Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya mashine. Wajifunze, sikatai, na Kifaransa pia. Lakini amri inayotolewa kwa haraka lazima iwe na maana moja tu kwa kila mtu aliyevaa kisikilizio. Nyekundu iitwe "hewani", kijani "tayari", na kubadili picha kwa ghafla "kata". Fondi ibaki fondi, kila mtu ameshaizoea. Karatasi moja ukutani inatosha, haihitaji mfadhili.

Na siku ya ushuhuda wa namna hii, kamera inayoweza kuona uso ichomolewe waya kabisa, mpaka mama atakapotoka ukumbini.