Watoto wetu hawana vichwa vizito

Jamani, tumechoka kusikia ati watoto wa kambini wana vichwa vizito. Ubongo hauanzi kujengwa darasani. Mrija ambao unakuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga siku kama 28 tu baada ya mimba kutungwa, wamama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Hapo ndo asidi ya foliki inatakiwa: maharage, lengalenga, vidonge vya kliniki. Kisha madini ya chuma, na chumvi yenye madini joto. Hata akinyonyesha, madini joto ya mtoto yanatoka kwenye maziwa ya mama.

Sasa mwaka 2023 mgao kwenye kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu. Nusu hiyo mjamzito alikuwa anagawana na watoto, na baba ndo anapakuliwa kwanza. Mayai nayo anakatazwa, ati mtoto atazaliwa kipara!

Ninyi mnaokata mgao, msituambie ni hesabu tu. Mnapunguza akili ya mtoto kabla hajazaliwa. Na ninyi wababa, ndagala zianzie kwenye sahani ya mjamzito. Hilo halihitaji mfadhili.