Kabla ya kununua programu ya bakapu, angalia kompyuta ya duka

Swali tunaloulizwa kila siku: simu ikiibwa ukipanda matatu pale Odeon, pesa inaenda? Haiendi. Salio lako na rekodi ya kila malipo viko kwenye kompyuta zetu, si ndani ya simu. Lakini rekodi yetu inasema tu kwamba ulipokea shilingi 1,200 saa nne asubuhi. Haisemi kama ni unga, gesi, au jirani amelipa deni la mwezi jana. Hayo yako kwenye kompyuta ya duka, na ikikufia, sisi hatuna cha kukurudishia.

Maduka mengi, kuanzia Luthuli hadi Kangemi, yananunua kompyuta zilizotumika. Nyingine zinawekewa Linux, mfumo wa jamii ya Unix, kwa kuwa ni wa bure. Hapo hatuna ubishi. Kinachotusumbua ni bakapu kuwekwa ovyo: mteja anauliza flashi ni ya GB ngapi, fundi anajibu, mambo yameisha. Kwetu sisi, ukubwa ndio swali dogo kuliko yote.

Swali kubwa ni hili: programu inaruhusiwa kusoma nini? Kwenye Unix kila faili lina mwenyewe. Hesabu za duka zikiwa kwenye MySQL au PostgreSQL, folda ile ni ya mtumiaji mwingine kabisa. Bakapu ikiendeshwa kwa jina lako la kawaida inaikosa, inaandika kosa mahali ambapo hakuna mtu husoma, kisha inaendelea na picha za harusi. Hata ikipewa ruhusa, kunakili mafaili hayo wakati mauzo yanaendelea kunaweza kukupa nakala isiyofunguka. Kuna amri za kazi hiyo, mysqldump na pg_dump. Fundi asiyezitaja, muulize.

Halafu kuna saa. Programu imepangwa na cron ifanye kazi saa sita usiku. Duka la Kawangware linafungwa saa tatu, na swichi inazimwa ukutani ili tokeni za stima zisiishe. Cron hairudii zamu iliyoipita, kwa hiyo unaweza kukaa mwaka mzima bila nakala hata moja. Panga saa nane mchana, au tumia anacron, ambayo hufidia siku iliyorukwa mashine ikiwashwa.

Flashi nazo! Nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4 na hauhifadhi umiliki wa mafaili ya Unix. Ipange upya kwa ext4 kabla ya kuanza. Na kama mashine ni ya zamani, andika uname -m: ukiona i686, mfumo uliomo ni wa biti 32, na programu nyingi mpya zitakataa.

Flashi yenyewe isilale dukani. Wafanyabiashara wa Toi, ambao soko lao limeungua zaidi ya mara moja, hawahitaji kuelezwa.

Siku fundi akimaliza kazi, mwambie afute faili moja la majaribio mbele yako, alirudishe kutoka kwenye nakala, na ulifungue mwenyewe. Likifunguka, mlipe.